Nyundo, springi au kifaa cha kazi nane: nilivyovijaribu kwenye vioo vya gari Kisumu

Swali ni kifaa kipi cha kuvunjia dirisha la gari ukikwama ndani. Nitaanza na jibu, maana najua baadhi yenu mnasoma mkiwa ndani ya matatu inayosubiri kujaa pale Kondele. Kama gari lako ni la kawaida la Kijapani, chukua kile kifaa kidogo cha springi, kiwe cha kweli si cha kuigiza, ukiweke mahali mkono wako unafika ukiwa umejifunga mkanda. Ukibeba watu kiti cha nyuma, waongezee nyundo ya dharura huko huko nyuma. Kile kirefu chenye tochi, king'ora, sumaku na mahali pa kuchajia simu, mwachie aliyekileta.

Maelezo ni marefu kidogo. Nimeyalipia kwa pesa yangu na Jumamosi nzima, na nusu ya niliyokuwa nikiamini kuhusu vioo vya gari ilikuwa uongo.

Mimi ni mwalimu. Nakaa Kisumu, nafundisha upande wa Ahero, na njia ya kuingia shuleni inaandamana na mfereji wa mashamba ya mpunga. Masika ya 2024 mnayakumbuka, mto Nyando ulivyotapika hadi uwanda wa Kano ukawa ziwa dogo. Jioni moja nilikuta maji yamelala barabarani. Mbele yangu bodaboda ikapita, maji yakimfikia dereva kwenye viatu, nami nikajiambia kama yeye amepita, gari langu la Fielder litashindwaje? Katikati gari likazima. Gurudumu la mbele la kushoto likatafuta ukingo wa mfereji, likaupata, tukainama. Maji yakaingia chini ya mlango polepole, rangi ya chai ya maziwa, yakabeba ndara zangu za kuendeshea.

Nilisukuma mlango. Ulikuwa kama umechomelewa. Nikabonyeza dirisha, kioo kikashuka shubiri moja kikakwama. Wako vijana waliokuwa wakifukuza ndege kwenye mpunga. Walikuja wawili, wakashika kioo kwa juu, mikono minne, wakakikandamiza chini kama wanaozamisha debe kisimani, nikatokea dirishani kwa tumbo kama kamongo. Maji yalikuwa ya kiunoni tu. Kilichoharibika ni rundo la mitihani ya kidato cha pili na heshima yangu.

Usiku nilifanya hesabu ambayo ningemwandikia mwanafunzi ubaoni. Mlango wenye upana wa mita moja, maji yakiwa yamepanda sentimita 60 nje na ndani bado hayajaingia vya kutosha, unasukumwa na uzito wa kama kilo 180. Hayo ni magunia mawili ya mahindi yameegemea mlango wako, na wewe unasukuma kwa bega moja ukiwa umeketi. Hapo sijahesabu maji yanayokimbia. Idara ya hali ya hewa ya Marekani huwaonya madereva kwamba sentimita 30 za maji yaendayo kasi zinatosha kubeba gari dogo, na sentimita 60 hubeba hata magari makubwa mengi. Sisi wenyewe tuliona basi zima likichukuliwa na mto Enziu kule Kitui, Desemba 2021, watu zaidi ya 30 wakafa.

Kwa hiyo nikaingia sokoni kutafuta kitu cha kuvunjia kioo.

Kwanza soma pembe ya kioo

Kabla ya kulinganisha vifaa, linganisha vioo. Hapa ndipo watu wengi, mimi nikiwamo, tunaponunua kabla ya kuelewa.

Kioo cha mbele cha gari la siku hizi ni vioo viwili vyembamba vilivyogandishwa pamoja na utando wa plastiki katikati. Ukikigonga kinapasuka nyufa kama utando wa buibui lakini hakiachii. Kimeundwa hivyo makusudi, ili ajali ikitokea usirushwe nje kupitia hapo. Nitakiita kioo cha tabaka. Usipoteze hata pigo moja juu yake.

Vioo vya milango, kwenye magari mengi tunayoendesha huku, ni kitu kingine. Ni kioo kimoja kilichopashwa moto mkali kisha kikapozwa ghafla kwa upepo, hadi ngozi yake ya nje ikawa imejibana huku tumbo lake la ndani likivutana. Ndiyo maana kinastahimili kiwiko, ngumi, na hata ile simu unayofikiri utakivunjia. Lakini ukiitoboa ngozi ile kwa ncha ngumu, hata kwa kitobo kidogo kama punje ya wimbi, mvutano wote wa ndani unaachiliwa kwa mara moja na kioo kizima kinageuka chengachenga. Hiki nitakiita kioo cha punje. Hakitaki nguvu nyingi, kinataka ncha.

Tatizo ni kwamba watengenezaji wameanza kuweka kioo cha tabaka hata milangoni, ili abiria asirushwe nje gari likibingirika, na pia kupunguza kelele za barabara. Shirika la wenye magari la Marekani, AAA, lilichunguza jambo hili mwaka 2019. Kwenye soko lao, karibu aina moja kati ya kila tatu za magari ya 2018 ilikuwa na vioo vya tabaka pembeni. Wakajaribu vifaa sita, vitatu vya springi na vitatu vya nyundo. Vinne vilivunja kioo cha punje. Kioo cha tabaka hakikutobolewa na chochote. Na vya springi vilizishinda nyundo. Angalia vizuri hesabu hiyo: hata huko, mikononi mwa wapimaji waliotulia, vifaa viwili kati ya sita vilishindwa na kioo cha kawaida.

Sasa toka nje, inama kwenye pembe ya chini ya kila dirisha, usome maandishi madogo meupe. Yako hapo miaka yote, ni sisi tusioyasoma. Kwenye magari ya Kijapani yenye vioo vya Asahi, neno TEMPERLITE ni kioo cha punje na LAMISAFE ni cha tabaka. Kampuni nyingine huandika tu TEMPERED au LAMINATED. Fielder yangu ina LAMISAFE mbele na TEMPERLITE kwingine kote. Jirani yangu ana gari la Kijerumani la juzijuzi. Milango yake ya mbele ni tabaka, ya nyuma ni punje. Alikuwa na nyundo nzuri kabisa imefungwa kando ya dereva, mahali ambapo isingemfaa kitu. Tuliihamishia nyuma siku hiyo hiyo.

Jumamosi kwa fundi

Nilinunua vifaa vinne. Kidogo cha springi cha shilingi 350, kutoka kwa kijana anayetembeza bidhaa za magari kwenye foleni. Kidogo cha springi aina ya resqme, cha kufungia kwenye funguo, kilichonigharimu karibu 1,900 kukiagiza kutoka Nairobi. Nyundo ya rangi ya chungwa yenye ncha mbili za chuma, 600. Na hicho cha kazi nane, 1,500, nilichokinunua mtandaoni kwa sababu picha ilikuwa nzuri. Nakiri hivyo.

Fundi wangu yuko upande wa nyuma wa Kibuye, na uani kwake kuna mzoga wa Corolla 110 uliobingirika, pamoja na milango ya magari ambayo mengine hata yeye hayakumbuki. Hunita Mwalimu hata siku ananidai. Nilipomwambia nataka vioo vya pembeni, akauliza, "Mwalimu, vya kuweka au vya kuvunja?"

"Vya kuvunja."

"Bei ni ile ile."

Tukaelewana kwa vioo kadhaa vyenye mikwaruzo. Alinipa miwani yake ya kuchomelea, glavu, na gunia la kufunika mapaja. Tafadhali usilifanye jaribio hili bila vitu hivyo; punje za kioo huruka, na moja niliikuta ndani ya sidiria jioni nikioga.

Tulianza na nyundo. Fundi alisimama nje ya mlango, akainua mkono, akapiga mara moja. Kwaa! Kioo kikaisha. Nikafikiri mashindano yamekwisha na nimeokoa pesa. Kisha nikaingia ndani ya Corolla, nikajifunga mkanda, nikashika nyundo ile ile. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukiwa nje kila nyundo ni nzuri. Ndani, kiwiko changu kiligonga mgongo wa kiti kabla mkono haujarudi nyuma. Dirisha la dereva liko begani mwako, huna nafasi ya kurusha. Nilipiga katikati ya kioo, nyundo ikarudi. Nikapiga tena, ikarudi. Fundi akasema, "Pembeni, Mwalimu, pembeni," nikapiga karibu na pembe ya chini ya nyuma, kikavunjika. Katikati kioo kinanesa kidogo na kulimeza pigo; karibu na ukingo kimeshikwa, hakina pa kunesa. Mapigo matatu, na hapo nilikuwa nimetulia, mchana kweupe, kichwa kikiwa juu.

Springi ya bei kubwa haikuhitaji hata sentimita moja ya nafasi. Unaiweka kwenye pembe, unasukuma kwa kiganja. Ndani springi inajibana, ikifika mwisho inaachilia kisumari kinachopiga kioo. Ilisema tak, kioo kikabaki kimesimama kwa muda wa kupepesa jicho kikiwa cheupe kote, kisha kikamwagika kama mchele kutoka kwenye ungo. Nilirudia kwenye kioo cha pili kwa mkono wa kushoto, ambao kwangu ni wa kushikia sufuria tu. Matokeo yale yale. Kifaa hujirudisha chenyewe, hakiwi cha mara moja.

Ile ya 350 ilisema tak pia. Tak, tak, tak, mara saba, na kila mara iliacha kidoa kama cha kalamu. Fundi akaichukua, akaifungua kwa koleo, akatoa kisumari na kukipitishia tupa. Tupa ikakila kama inavyokula msumari wa mabati. Chuma kigumu hakikubali tupa hivyo. Tupa huteleza juu yake. "Hii ni ya kuchokonolea meno," akasema, akairusha kwenye debe la vyuma chakavu kabla sijamruhusu.

Na hilo ndilo onyo kubwa ninalotaka kulitoa kwa vifaa hivi vidogo. Kwa macho huwezi kuvitofautisha. Rangi ni ile ile, umbo ni lile lile, sauti ni ile ile. Kwa kuwa kizuri hakiishi kwa kutumika mara moja, kinunue, nenda kwa fundi yeyote wa vioo, ukijaribu kwenye kioo chakavu cha mlango. Kioo chakavu ni bei ya chakula cha mchana. Nyundo angalau unaiona ncha yake kwa macho; ya springi imefichwa ndani.

Kifaa cha kazi nane nitakisema haraka. Ncha yake imefunikwa kwa kofia ya mpira ambayo lazima uivue kwanza. Uzito wake uko mkiani, kwenye betri, badala ya kichwani. Mikononi mwa fundi kilivunja kioo kwa pigo la pili. Mikononi mwangu mlango wa betri ulifunguka, king'ora kikaanza kulia na hakikunyamaza mpaka tulipokitoa matumbo. Tochi ni nzuri, natumia kuku wakipiga kelele usiku.

Fundi alisisitiza tujaribu na kichwa cha kiti, kwa sababu ya zile video zinazozunguka kwenye simu zikidai kiliundwa kutolewa ili kuvunjia madirisha. Hakikuundwa kwa kazi hiyo. Kinatolewa ili kiti kirekebishwe kulingana na urefu wa mtu. Alikitoa, akachomeka ncha moja ya chuma kati ya kioo na mpira wa mlango, akavuta kama anayeng'oa muhogo, na kweli kioo kikavunjika. Lakini yeye ni fundi, alikuwa amesimama, na hakuwa amefungwa mkanda. Mimi ndani ya kiti, nikigeuka kutafuta kile kitufe kidogo cha kufungulia, nilihesabu mpaka 30 na bado sijakitoa. Na yako magari ambayo kichwa cha kiti kimeshonwa pamoja na kiti, hakitoki kabisa.

Kioo cha mwisho kilikuwa na tinti nyeusi, ile ya kubandikwa. Springi ilikivunja vizuri, ila hakikumwagika. Utando wa tinti ulikishika kikaning'inia kama pazia lililolowa, na ikabidi nikisukume kwa nyayo za viatu mpaka kikaachia ukingoni. Kama umeweka tinti, jua kwamba kazi yako ina hatua mbili, kuvunja kisha kusukuma.

Pipa la maji

Jaribio hili lilikuwa wazo la fundi, na ndilo lililonimalizia mabishano. Alikuwa na pipa la lita 200 lililokatwa nusu kwa urefu, la kupimia mirija inayovuja. Tukalijaza, tukaegemeza vioo vizima vya dirisha dogo la nyuma ndani yake, vyote vikiwa chini ya maji.

Nyundo kwanza. Niliinua mkono ndani ya maji, nikapiga. Ilikuwa kama kumpiga mtu kwa mto wa kulalia. Maji yanazuia mkono, yanazuia kichwa cha nyundo, na kufikia kioo kasi yote imeisha. Fundi naye akajaribu, mkono wake ni mara mbili ya wangu. Alifaulu kwa pigo la nne, nusu ya maji ikiwa kwenye suruali yake.

Springi chini ya maji ikafanya kile ilichofanya nje. Nilisukuma, nikasikia mtetemo kwenye kiganja badala ya sauti, na kioo kikaanguka chini ya pipa kama sukari. Nguvu yake imewekwa ndani ya springi. Maji hayana pa kuizuia. Mtu anayeishi Budalang'i, Nyakach, Ahero au popote ambapo barabara na maji hujuana, hapa hana la kuchagua.

Kwenye kukata mkanda wa kiti, nyundo ilinishangaza. Kifaa kizuri huwa na wembe uliofichwa ndani ya mwanya, usioweza kukata kidole wala nguo. Mpini wa nyundo ni mrefu, unashikika, na wembe wake ulipita mkanda wa Corolla kwa mvuto mmoja na nusu. Wa resqme nao ulikata, ila kifaa ni kidogo na kiganja changu kilikuwa na jasho, kikateleza mara ya kwanza. Ukikivuta kutoka kwenye kishikizo chake cha funguo ndipo wembe unajitokeza, jambo zuri kwa usalama, lakini lijaribu nyumbani ulizoee. Wa kazi nane ulikuwa na kutu ndani ya mwezi mmoja. Siri ni moja kwa vyote: mkanda uwe umekazika, na uvute kwa mshazari. Mkanda uliolegea unajikunja ndani ya mwanya na kukwama. Na kama gari limepinduka, kama yale tunayoyaona yakilala chali pale Salgaa, weka mkono mmoja darini kwanza kabla ya kukata, la sivyo utaangukia shingo yako.

Kikae wapi

Hapa bei haina neno tena. Kifaa kilicho kwenye buti ni mzigo. Kilicho kwenye kisanduku cha dashibodi upande wa abiria, ukiwa umejifunga na gari limeinama, kiko mbali kama kilivyo dukani.

Watu wengi huning'iniza springi kwenye funguo za gari. Ni sawa kwa gari la kuzungusha ufunguo, maana ufunguo uko palepale unapoendesha, ingawa kundi zito la funguo si zuri kwa swichi. Lakini kama gari lako linawashwa kwa kubonyeza kitufe, ufunguo uko ndani ya mkoba, na mkoba uko kiti cha nyuma chini ya kabichi. Basi usikiweke hapo.

Nilianza kwa kukigandisha cha kwangu karibu na kioo cha kutazamia nyuma kwa gundi ya utepe. Jua la Kisumu liliimaliza gundi kwa wiki tatu, nikakikuta chini ya kiti kimeandamana na tikiti za kuegesha gari. Sasa kimefungwa kwa skrubu kwenye ubavu wa kisanduku cha katikati, kati ya viti viwili vya mbele. Sisi tunakaa kulia, kwa hiyo mkono wangu wa kushoto unafika, na abiria anafika kwa mkono wake wa kulia. Nilijaribu nikiwa nimefumba macho, mkanda umefungwa: sekunde mbili.

Usikiache kinachezacheza ndani ya mfuko wa mlango. Gari likigonga, nyundo iliyolegea ni jiwe.

Watoto ni suala jingine. Wangu wawili walipoiona nyundo ya chungwa, swali la kwanza lilikuwa kama wanaweza kuijaribu kidogo tu. Nimeifunga nyuma ya kiti cha abiria wa mbele, juu, ndani ya kishikizo chake kinachobana, na nimewaonyesha kwa vitendo inatolewaje na inapigwa wapi. Mkubwa ana miaka kumi na moja, ndiye msimamizi rasmi wa nyundo. Amelichukulia jukumu hilo kwa uzito unaotisha.

Lakini kifaa ni mpango wa pili, na hili silitoi kwa akili yangu. Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amezamisha magari mara nyingi yakiwa na watu waliojitolea ndani yake, na anachofundisha ni kwamba gari likiingia majini huelea kwa kitambo, kama nusu dakika hadi dakika mbili, na kitambo hicho ndicho uhai wako. Usipige simu. Usifungue mlango, maji yatamwagika ndani na gari litazama haraka zaidi. Fungua mkanda, shusha dirisha, toa watoto kwanza, toka. Dirisha la umeme kwa kawaida bado linafanya kazi dakika hiyo ya kwanza. Linashindwa pale maji yanapofika kwenye kioo na kukibana. Kosa langu Ahero lilikuwa hilo. Nilianza na mlango, nikahangaika nao, ndipo nikakumbuka dirisha. Ule ushauri wa kusubiri gari lijae maji ili mlango ufunguke unategemea uwe na pumzi na utulivu ambao wengi wetu hatuna. Springi ni ya pale dirisha linapokataa.

Na kama ni moto badala ya maji, jaribu mlango kabla ya kitu chochote. Kioo ni cha pale mlango umejikunja.

Basi, nani anunue kipi? Wa Vitz, Demio, Probox au Fielder anayeendesha peke yake: springi moja ya kweli, ijaribiwe, imetosha. Wa Noah au gari lolote la viti saba: springi mbele, nyundo moja kwa kila safu ya nyuma, kwa sababu nyundo inaonekana, haihitaji maelezo na abiria asiyekijua kifaa ataielewa kwa kuitazama. Mzee mwenye viganja vinavyouma aende dukani ajaribu kusukuma springi kabla ya kulipa. Mama mkwe wangu aliweza kwa mikono miwili, nyundo hakuiweza kabisa. Mwenye gari la vioo vya tabaka milango yote asitupe pesa kwenye chochote kati ya hivi kwa ajili ya kioo hadi ajue ni dirisha lipi la punje alilo nalo, mara nyingi huwa la nyuma, na anunue cha kukata mkanda. Mwenye tuktuk, wewe una milango?

Jambo la mwisho ni dogo. Mwezi uliopita jiwe lilivunja kioo changu cha mlango wa nyuma pale Awasi, nikapata kingine kwa muuzaji wa vipuri mjini. Kijana alikuwa ameshaanza kuondoa mpira wa zamani nilipomwambia asubiri. Nikakigeuza kioo kuelekea juani, nikafuta vumbi kwa kidole gumba, nikasoma pembe. TEMPERED. Nikamwambia aendelee.